Mwaka Ambao Ziwa Halikuganda

Binti yangu sikumzaa mimi. Naliandika hili kwanza, kabla ya jambo lolote jingine, kwa sababu kwa miaka kumi na mitano nililiweka mwisho kila mara, na mwisho wenyewe haukufika. Alizaliwa na dada yangu mkubwa, Bukavu, katika nyumba iliyotazama Ziwa Kivu, na alikuwa na miezi mitano tulipokimbia. Baba yake alikuwa ameshauawa. Dada alifika kambini Burundi na homa, na homa ile ilimmaliza kwa siku tisa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kabla hajakata kauli aliniomba jambo moja tu: mtoto huyu asije akaitwa yatima.

Siku ya kuandikishwa, karani wa kambi alinitazama mimi na mtoto mgongoni, akauliza, "Huyu wa nani?"

"Wangu," nikasema.

Wala sikuhisi nimedanganya. Kwetu dada wa mama ni mama mdogo, na mama mdogo ni mama. Mtoto wa dada yako akilia huanzi kuulizauliza, unambeba. Lakini karatasi haimjui mama mdogo. Karani aliandika "mama", akapiga muhuri, na muhuri ule ukatufuata kwenye kila mahojiano, ukapanda ndege pamoja nasi, ukashuka Sydney, ukakaa nasi kwenye nyumba ya serikali huko Campbelltown, mpaka ukaingia kwenye cheti cha uraia cha binti yangu. Humo nimeandikwa kwamba ndimi niliyemzaa.

Mwanzoni nilinyamaza kwa ajili ya dada. Baadaye nilinyamaza kwa woga. Kanisani kwetu watu walinong'ona kuhusu familia iliyokutwa na uongo kwenye faili: eti wakubwa walirudishwa Afrika, mtoto akachukuliwa na kupewa Wazungu. Hakuna aliyewahi kuiona familia hiyo. Mimi niliiamini vivyo hivyo, na sikumuuliza mwanasheria hata mmoja, kwa sababu kumuuliza kungekuwa kujitaja. Nikajiambia nitamweleza mtoto akifika miaka kumi. Akafika kumi. Nikasema kumi na mbili. Kuna methali kwamba mficha uchi hazai. Mimi nilificha, na ni kweli sikuzaa. Tulikuwa wawili tu nyumbani, yeye na mimi, na sikuwa na mtu mwingine duniani wa kupoteza.

Basi siku zote nilitazama upande wa serikali. Niliogopa bahasha zenye dirisha la plastiki, niliogopa simu zisizo na namba. Sikujua kwamba kitakachonikamata ni mji mdogo wa Japani.

Shuleni kwao watoto wanajifunza Kijapani. Usiniulize kwa nini. Mtoto wa Bukavu anakuja Australia kujifunza Kijapani, na Kiswahili cha mama yake anakisikia lakini hakijibu. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndivyo tulivyoishi. Hapa nitayaandika maneno yake kwa lugha yangu, na pale aliposema Kiswahili kweli nitakuambia. Shule hiyo ilikuwa na urafiki na shule moja ya mji mdogo kando ya ziwa, na kila baada ya muda walipeleka wanafunzi kadhaa huko kwa wiki tatu za mwezi wa Januari. Mwaka aliotimiza miaka kumi na mitano, yeye alichaguliwa. Kabla ya safari, wanafunzi walitakiwa waandike kijitabu cha wasifu wa mji wenyewe, kila mmoja sehemu yake. Yeye aliomba ziwa.

Kuanzia Oktoba mji ule ulihamia jikoni kwangu. Narudi kutoka Westmead, ambako nasafisha wodi, nimesimama kwenye treni mpaka magoti yanalalamika, namkuta mezani na ramani. Mji wenyewe ni mdogo. Kidole changu kiliufunika pamoja na ziwa lake. Umekaa kwenye bonde la juu, milima pande zote. Ziwa si kubwa, mtu mwenye miguu mizuri hulizunguka kwa nusu siku, na kina chake ni kifupi kiasi kwamba ukitumbukiza nyumba ya ghorofa moja paa litabaki linachungulia. Chini ya ardhi maji yanachemka yenyewe, wameyavuta mpaka kwenye mabafu ya nyumbani, na kando ya ziwa wamejenga mabirika ambamo mpita njia yeyote anavua viatu na kuloweka miguu. Hilo nililionea wivu.

Zamani palikuwa na viwanda vya hariri, akaniambia, na wasichana wa umri wake walivuka milima kwa miguu, kwenye theluji, kuja kufanya kazi humo, wengine hawakurudi kwao. Hariri ilipokwisha wakaja watengenezaji wa saa, kwa sababu hewa ya kule ni safi, haina vumbi la kuingia kwenye mitambo. Ziwani wanavua visamaki vya urefu wa kidole, wanavikaanga vizima na kuvila na vichwa vyake.

"Hizo ni sambaza," nikasema.

"Nini?"

"Sambaza. Za kwetu. Tulikuwa tunakula hivyo hivyo, na ndimu."

Akaacha kalamu. Katika miaka yote sikuwahi kumtajia hata samaki wa kwetu. Nilikuwa naogopa kwamba nikianza na samaki nitafika kwa aliyekuwa anawakaanga, naye ni dada yangu. Akaniuliza lile ziwa letu lilikuwaje. Nikasema lilikuwa kubwa, lina maji mengi. Akatazama chini kuandika, na nilimwona amenuna.

Kitu kilichomshika zaidi ni habari ya barafu. Majira ya baridi yakiwa makali, ziwa lile linaganda lote, kisha barafu inapasuka kwa kishindo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na mahali ilipopasuka panainuka mgongo mrefu wa vipande vilivyosimama. Wenyeji wanasema ni njia ya mungu wao, amevuka kwenda kumwona mkewe aliye ng'ambo. Mimi ni mtu wa kwaya, nikasema mungu gani huyo anayengoja barafu ndipo akamwone mke. Binti yangu akacheka. Lakini akasema si hilo analolipenda. Analolipenda ni kwamba kuhani na wazee wa mji huenda ukingoni kila alfajiri ya kipindi cha baridi, wanatazama, wanaandika. Wamefanya hivyo kwa karne na karne. Miaka ya siku hizi ziwa mara nyingi haligandi, joto limezidi.

"Na wasipoona kitu?" nikamuuliza.

"Wanaandika hawakuona kitu. Hawaruki mwaka, Mum."

Nikainuka kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Mwezi wa Novemba ikaja bahasha kutoka kwa familia itakayompokea. Picha, barua fupi, na karatasi yenye wasifu wa kila mmoja wa nyumba ile: jina, siku ya kuzaliwa, anachopenda kula, na aina ya damu. Nilidhani ni wagonjwa. Binti yangu akanieleza kwamba Wajapani huulizana damu kama sisi tunavyoulizana kabila, wanaamini inaonyesha tabia ya mtu. Baba wa nyumba alikuwa A, akaandika kwamba ndiyo maana hapendi fujo. Mama alikuwa B. Binti yao naye B, akaongeza kwamba tafadhali mgeni asiutazame upande wake wa chumba. Tulicheka mpaka machozi. Nikawapenda watu wale bila kuwajua.

Chini ya barua palikuwa na karatasi kama hiyo, tupu, ya sisi kujaza.

"Wewe ni O," akasema, akionyesha mlango wa friji kwa kalamu. Miaka miwili nyuma nilifanyiwa upasuaji, naye ndiye aliyenitafsiria kila kitu, na kile kikadi cha aina ya damu nilichopewa alikibandika mwenyewe kwa sumaku. "Na mimi?"

"Sijui, mwana. Iko kwenye karatasi za kambi, na zile zilipotea."

"Basi nitakwenda kupimwa. Ni sindano moja tu."

"Andika yoyote. Nani atajua?"

Akanitazama kwa mshangao. "Juu ya nini niandike yoyote?" Hilo alilisema kwa Kiswahili, Kiswahili changu hasa cha Bukavu, kunikejeli. Nikacheka naye.

Sikuwa mjinga wa mambo ya damu kabisa. Nasafisha wodi, masikio yangu hayana kizibo. Nilijua tu kwamba kuna mahesabu. Kesho yake, saa ya chakula, nikamwendea nesi mmoja Mkenya ambaye ndiye rafiki niliyekuwa naye pale, mwanamke wa sauti kubwa aliyependa kunigawia chapati zake. Nikamuuliza kana kwamba ni maswali ya shule ya mtoto: mama wa O anaweza kuzaa mtoto wa damu gani?

"O, ama A, ama B. Inategemea na baba," akasema. "AB hapana. Mama wa O hana AB ya kupeana. Hiyo haiwezekani, hata aombe." Akaacha kutafuna. "Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia nchi hii, mbele ya sahani ya chapati, watu wakipita na trei. Sikulia. Nilieleza kwa mpangilio kama mtu anayetoa maelezo polisi. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Skiza," akasema. "Mtoto wa dadako ni wako, hakuna mtu wa kwetu atakubishia. Lakini mwambie leo. Usingoje damu imwambie."

"Na faili?"

"Faili tutaitafutia wakili. Mtoto hana wakili. Mwambie."

Nilitoka pale nimeazimia. Kwenye treni nikapanga maneno, na kila kituo nilikuwa na sentensi moja zaidi. Nilipofungua mlango nikamkuta amejibandika pamba mkononi, kwenye kiwiko. Amekwenda kliniki baada ya shule. Akasema hakuumia hata kidogo. Nikamuuliza kama amekula.

Siku zilizofuata niliomba. Wengine huomba kazi, huomba mume. Mimi nilimwomba Mungu ambadilishe mtoto damu. Nilipiga magoti sakafuni bafuni nikamkumbusha kwamba aligeuza maji kuwa divai, hii ni kazi ndogo. Nilifunga kula siku mbili, nikaanguka kazini, wakanipa maji ya sukari. Sikujua damu ya dada yangu. Sikujua ya shemeji. Nilikaa nikikumbuka nyuso zao kana kwamba herufi zitaonekana kwenye paji la uso. Na wakati wote huo ningeweza kufungua mdomo. Alikuwa chumba cha pili, anasoma habari za barafu.

Nikaamua niyawahi majibu. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kliniki asubuhi, nikajitambulisha dirishani kama mama yake. Mhudumu wa mapokezi alitazama kompyuta, akasema kwa upole kwamba binti yangu alishayachukua mwenyewe tangu Alhamisi. Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikahesabu Ijumaa, Jumamosi, na Jumapili tulipokaa benchi moja kanisani.

Nilikwenda nyumbani nikamngoja. Aliingia, akatupa begi, akafungua friji kama kawaida.

"Majibu yametoka?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

"Yametoka." Alikuwa amenipa mgongo, anatafuta maziwa. "O. Kama wewe. Nimeshajaza fomu, mwalimu ameituma."

Ee Mungu wangu. Nilikaa chini. Nikamwambia ni uchovu. Jioni ile nilipika wali na kuku na sombe ya majani ya muhogo, chakula cha Krismasi, na Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Bwana amenitendea jambo nisiloweza kulitaja, na watu wakapiga makofi. Binti yangu alikaa pale pale, akinitazama, hakupiga makofi. Nikadhani ananionea aibu, watoto wa huku ndivyo walivyo.

Nesi akaniuliza kama nimemwambia. Nikamjibu kwamba haina haja tena, amekuwa O. Alitingisha kichwa, hakuninyima chapati, lakini hakukaa nami siku ile.

Sasa nikikumbuka, tangu Desemba hadi siku ya safari alinifungulia mlango wa kusema mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anakunja sweta. Akauliza kama alizaliwa kando ya ziwa kweli. Nikasema ndiyo, dirisha lilikuwa linatazama maji. Mara ya pili tulikuwa tunajaribu koti kubwa tulilolipata dukani kwa mitumba, jasho linatutiririka, maana Desemba ya Campbelltown haina huruma. Akauliza siku ile anazaliwa nani alikuwepo. Nikasema, "Dada yangu alikuwepo." Huo haukuwa uongo. Akauliza dada yangu alifanana na nani. "Na mimi," nikasema, "lakini mrefu." Binti yangu ni mrefu. Alinizidi kimo akiwa na miaka kumi na tatu. Akafunga vifungo vya koti mpaka shingoni, akasimama mbele ya kioo muda mrefu kuliko koti lilivyostahili.

Mara ya tatu ni uwanja wa ndege. Wenzake walikuwa wameshaingia kwenye foleni. Alinikumbatia, akaniwekea kidevu kichwani, akasema sikioni, "Mum, kuna kitu unataka kuniambia?"

"Uvae soksi mbili," nikamwambia.

Januari ile joto lilichemsha ubongo. Kila asubuhi simu yangu ilipata picha za baridi: ziwa la rangi ya bati, milima myeupe, visamaki vya kukaanga kwenye karatasi, miguu yake na ya binti wa nyumba ile ndani ya birika la maji ya moto. Mama wa nyumba alimfungia skafu mwenyewe, nikaona mikono yake kwenye picha, nikashukuru na nikaumia. Ujumbe wa binti yangu ulikuwa mfupi. "Leo nimekwenda na wazee alfajiri. Maji matupu. Wameandika." Kesho yake: "Maji matupu tena. Wameandika." Hakuuliza habari zangu. Nilijiambia ni shughuli nyingi.

Jumamosi ya pili nikaingia chumbani kwake kubadilisha shuka na kusafisha. Mezani palikuwa na faili la Japani. Nikalifungua kwa sababu nilimkumbuka, basi. Ndani mlikuwa na rasimu ya sehemu yake ya kile kijitabu. Kiingereza chake si kigumu, nikakisoma. Ameandika kuhusu viwanda vya hariri, kuhusu saa, kuhusu samaki. Pembeni ya samaki ameandika kwa mkono, "sambaza". Kwenye habari ya ziwa ameandika kwamba watu wa mji ule hawaruki mwaka, na kwamba mwaka ambao ziwa halikuganda nao ni mwaka, una ukurasa wake. Sentensi hiyo ameipigia mstari.

Nyuma ya rasimu palikuwa na karatasi ya kliniki, imekunjwa mara nne. AB.

Chini ya jibu, mahali patupu, alikuwa amechora kwa penseli kisanduku chenye vyumba vinne, namna wanavyofundishwa kwenye somo la viumbe kutafuta mama na baba wa damu fulani watazaa mtoto wa damu gani. Juu ameandika O, ubavuni A. Akakikata kwa mstari, akachora kingine, ubavuni B. Kingine, ubavuni AB. Alichora vitano. Cha tano ni sawa na cha kwanza. Alikuwa ameishiwa na njia akaanza upya.

Nilikaa kwenye kitanda chake kisicho na shuka. Kwa hiyo alijua. Siku ya wali na kuku alijua, siku ya ushuhuda alijua, sikioni mwangu pale uwanja wa ndege alijua. Wiki saba alilala chumba cha pili akiwa anajua, akingoja nimwambie, na mimi nikamwambia soksi. Halafu wazo jingine likanirusha wima: fomu iliyotumwa Japani imeandikwa O. Akianguka kule, akajeruhiwa, watamtia damu gani? Nikampigia nesi huku napiga kelele.

"Tulia," akasema. "Hakuna hospitali inaamini karatasi, wanapima kila mara. Na hata wangekosea, AB hupokea damu ya mtu yeyote. Unaniskia? Yeyote."

Nilimsikia. Ndipo nikaanza kulia, na nililia vibaya, mpaka jirani akagonga ukuta.

Nilipoweza kusema nikampigia binti yangu. Kule ilikuwa bado mchana. Aliitika mara ya kwanza, nikasikia upepo nyuma yake.

"Nimeona karatasi," nikasema.

Kisha nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema: "Juu ya nini hukuniambia?"

"Na wewe?" akasema. "Juu ya nini hukuniambia?" Kiswahili. Safari hii hakuwa ananikejeli.

Nikamweleza yote, nimesimama katikati ya chumba chake. Homa, siku tisa, karani, "wangu". Nikamwambia alivyoomba dada kuhusu neno yatima. Hakunikatiza. Nilipofika kwenye faili akasema hilo analijua. Ile habari ya familia iliyorudishwa ameisikia kanisani tangu yuko mdogo, watu wakidhani watoto hawasikii Kiswahili. Ndiyo maana aliandika O. Aliogopa mtu fulani, mahali fulani, angeziweka karatasi mbili pamoja akaja kunichukua.

Mtoto wa miaka kumi na mitano. Alibeba uongo wangu akauvusha bahari, akauandika kwa mwandiko wake mzuri kwa watu wanaokwenda ziwani kila alfajiri kuandika kweli. Sikuwa nimemfundisha Kiswahili cha kujibu, lakini hilo nilimfundisha vizuri sana.

"Alikuwa anaitwa nani?" akauliza.

Jina la dada yangu sikulitamka tangu kambini. Nililiogopa zaidi ya serikali. Nikafungua mdomo, likatoka na sauti iliyopasuka, nikakohoa nikalirudia vizuri, jina lake na jina la baba yetu. Akaniomba niseme tena. Nikasema tena. Nikasikia karatasi ikipigwa na upepo, kisha kalamu. Alikuwa anaandika.

"Na yeye?" akauliza. "Baba."

Nikamtajia na huyo. Akaandika.

Nilingoja aniulize jambo jingine, lolote. Nilikuwa tayari kwa hasira, ningeipokea hata ingekuwa ya mwaka mzima. Nyuma yake mtu alimwita kwa Kijapani, akamjibu kwa Kijapani, sauti nyepesi ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kisha akarudi kwangu.

"Asante, mama mdogo," akasema kwa Kiswahili, taratibu, kwa heshima kabisa, namna watoto wa kanisani wanavyowaita dada za mama zao. Simu ikakatika.

Lilikuwa neno sahihi. Ningemtafutia neno jingine nisingelipata. Nilitandika shuka, nikazibana pembe zote nne, nikarudi jikoni. Kikadi changu kilikuwa pale pale mlangoni mwa friji. Ndege yake ilikuwa inarudi Jumapili ya wiki iliyofuata, na mimi nilianza kumngoja saa ile ile, bila kujua atakayeshuka ataniita jina gani.